Uhusiano: Ndugu

Alhamisi saa saba mchana nilifunga nusu ya mlango wa duka langu, nikageuza kibao kisomeke "Tunarudi Punde," kisha nikakaa nyuma ya kaunta kumfundisha mwanamke ninayempenda namna ya kuniacha.

Usinicheke. Angemfundisha nani mwingine? Kazi yangu ni makaratasi. Natoa fotokopi, nachapa barua, napiga picha za pasipoti, na mtaa mzima unaniita Kopi, hata watoto wadogo ambao kwa haki wangepaswa kuniamkia kwanza. Kila anayesafiri hupita kwangu kabla ya kupita kwingine. Wakirudi likizo nawauliza waliulizwa nini pale kwenye dirisha la uhamiaji, nami naandika kwenye daftari. Nimewaandika waliopita wakitabasamu, na nimemwandika mmoja aliyerudishwa kwa sababu ya herufi moja ya jina lake. Maswali ninayo arobaini na moja.

"Simama kwenye mstari," nilimwambia. "Usisogee mpaka uitwe."

Alisimama kwenye ule utepe mwekundu niliobandika sakafuni kwa ajili ya wanaopigwa picha, begi dogo begani, faili kifuani. Alikuwa ametoka kazini moja kwa moja. Yeye anapima damu na vinginevyo kwenye maabara ya kliniki, ndiyo maana mimi humwita Maabara, na siku hiyo alikuwa bado na alama ya barakoa juu ya pua. Nilimtazama zaidi kidogo ya inavyoruhusiwa kwa afisa wa serikali.

"Anayefuata."

Akaja. "Habari za kazi, afande."

"Usiniite afande, hujui cheo changu."

"Nikuite nani sasa?"

"Usiniite. Nijibu. Umekuja kufanya nini hapa?"

"Kusoma."

"Kusoma nini?"

"Sayansi ya maabara, shahada ya pili. Miaka miwili."

"Kwenu unafanya kazi gani?"

"Napima damu za watu."

"Usiseme damu za watu, huyo bwana hajanywa hata chai. Sema wewe ni mtaalamu wa maabara."

Akacheka. Anapocheka huinamisha kichwa upande kama mtu anayesikiliza kitu chumba cha pili, na mimi huwa nasahau nilichokuwa nasema.

"Usicheke. Ukicheka watadhani kuna kitu."

"Wewe ndiye unayenichekesha."

"Huko mimi sitakuwapo."

Nililisema kama maelekezo tu ya kazi, lakini lilipokwisha kutoka tulilisikia wote wawili. Alishusha macho kwenye faili. Mimi nikajifanya natafuta swali linalofuata, ilhali nayajua yote kwa moyo.

"Mizigo umefunga mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Kuna chakula ndani?"

"Karanga, pakiti mbili za dukani, na nimezitaja kwenye fomu."

"Vizuri. Barua ya udahili?"

Alinipa. Hapo sikuwa na la kusahihisha, maana faili hilo tulilipanga wote Jumapili nzima. Pasipoti juu, kibali cha kusoma, barua ya udahili, barua ya ufadhili, barua ya bweni, cheti cha chanjo. Mwanzoni alitaka kuviweka vyote kwenye sanduku kubwa ili visikunjike. Nikamwambia sanduku kubwa hulikuta ukishavuka, na mtu wa dirishani hangoji, ananyoosha mkono. Nikamwambia pia kwamba karatasi na mdomo viseme kitu kimoja. Hilo ndilo nililolirudia kuliko yote. Kilichoandikwa ndicho kinachosemwa, na ukisema ukihamisha macho, wanakuona.

"Imebaki moja," alisema. "Ile fomu ya taarifa zangu niliyojaza kwenye tovuti ya chuo. Wanasema niwe nayo mkononi, maana wakitaka kuhakikisha kitu wanaangalia humo. Nimeituma kwenye barua pepe yako."

Nikaichapa. Zilikuwa kurasa tatu. Huwa nasoma kila kinachotoka kwenye mashine yangu. Si umbea, ni kuangalia kama wino umekaa sawa. Ukurasa wa tatu ulikuwa na kichwa, Mtu wa Kuarifiwa Wakati wa Dharura, na chini yake kulikuwa na jina langu lote pamoja na la ukoo, ambalo hata mama yangu hulitumia anaponigombeza tu. Nambari ya simu ilikuwa yangu.

Niwe mkweli. Nilifurahi. Kati ya watu wote alionao duniani, akipata tatizo nchi ya watu, atapigiwa Kopi. Furaha hiyo ilidumu mstari mmoja, kwa sababu mstari wa chini yake ulisema: Uhusiano: Ndugu.

Nikaiweka karatasi juu ya kioo cha kaunta, nikaigeuza ili aisome.

"Ndugu," nikasema.

Aliitazama, akanitazama. "Nilijaza nyumbani. Mama alikuwa amekaa pembeni yangu na miwani yake."

"Ndugu wa tumbo moja, au ndugu kwa upande wa baba?"

"Usianze."

"Nauliza tu, nijue. Kama ni wa tumbo moja, itabidi nimwamkie mama yako vizuri zaidi."

"Ni neno tu, Kopi. Watu wote huitana ndugu. Hata kwenye mkutano mtu anasema ndugu zangu."

"Na ukiulizwa dirishani huyu ni nani yako?"

"Nitasema ndugu yangu."

"Sema basi. Nisikie."

Hakusema. Feni ya darini ilizunguka, mashine ikajizima yenyewe kama inavyofanya ikikosa kazi.

"Miaka miwili," nilisema. "Najua zamu zako kuliko bosi wako. Najua unalala upande gani ukiumwa jino. Leo nachapa kwa mkono wangu mwenyewe kwamba mimi ni ndugu yako. Afadhali ungemwandika mama yako."

"Mama simu yake inakaa kabatini, yeye yuko wodini anazalisha. Nikianguka huko saa ambayo hakuna mtu, nani atapokea? Wewe ndiye unayepokea. Kwa hiyo nikakuandika wewe. Nikafika kwenye uhusiano, mkono ukakwama, mama akauliza umekwama wapi." Sauti yake ilianza kupanda. "Na nikukumbushe kitu. Nani alisema tusimwambie mama kwanza? Mimi? Mimi nilitaka kumwambia tangu mwaka jana."

Hapo alinipata penyewe.

Mama yake ni mkunga. Nusu ya mtaa huu imepita mikononi mwake ikilia. Kuna siku mtu alimnong'oneza kwamba binti yake anaonekana sana kwenye duka la fotokopi, naye akasema mbele ya benchi zima la akina mama wajawazito: "Binti yangu ataolewa na orijino, si kopi." Benchi zima lilicheka, na kufikia jioni nilikuwa nimeshahadithiwa na watu wanne. Nikacheka nao. Kisha nikamwambia Maabara tungoje, tutafute wakati mzuri. Wakati mzuri nao haukupita dukani kwangu.

"Nilikosea," nilisema. "Lakini sasa unaondoka. Ukiondoka na neno hilo, nitakaa miaka miwili hapa nikiwa ndugu. Ndugu hangojei mtu. Ndugu anaweza kupigiwa simu siku moja akaambiwa, ndugu yangu, nimepata mchumba huku, nifurahie."

"Ndivyo unavyonijua mimi?"

"Ndivyo karatasi inavyosema."

Alizikusanya zile kurasa tatu taratibu, akazipanga kingo kwa kingo, akazitia kwenye faili. Macho yalikuwa yamemjaa lakini hakuyaruhusu.

"Naondoka keshokutwa," alisema. "Nina hofu ya ndege, nina hofu ya dirisha, nina hofu ya baridi, nina hofu mama atabaki peke yake na presha yake. Nilidhani hapa ndipo mahali pamoja nisipokuwa na hofu. Ahsante kwa mazoezi."

Akapita chini ya mlango uliofungwa nusu. Nilibaki na daftari langu la maswali arobaini na moja, na hakuna hata moja lililoniambia nifanye nini.

Usiku ule hakupiga simu, nami sikupiga. Kiburi ni mgonjwa asiyetaka dawa. Ijumaa asubuhi nilimharibia mteja picha mara mbili kwa kumkata kichwa. Saa tano simu ikaita, nikaidaka, kumbe ni mjomba wake.

"Kijana wa picha," alisema, "nasikia wewe una maswali ya uhamiaji. Njoo nayo nyumbani saa kumi. Tunamfanyia mtoto majaribio ya mwisho, na mama yake anataka ayasikie kwa masikio yake."

Mjomba huyo amevuka mpaka mara moja tu maishani, kwa basi, kwenda kumzika rafiki, akakaa siku nne. Tangu hapo hakuna safari ya mtu yeyote katika ukoo ambayo haikuhitaji ushauri wake. Nilitaka kukataa. Nikajisikia nikisema, "Nitakuja, mjomba."

Nilipofika, sanduku kubwa lilikuwa linaning'inia mlangoni mwa sebule. Mkunga alikuwa ametundika kwenye fremu ile mizani yake ya kupimia watoto wachanga, ya mshale na ndoano, akalitia sanduku kamba kama mtoto anayepelekwa kliniki. Alikuwa amevaa miwani, akisoma mshale.

"Kilo ishirini na mbili na nusu," alisema.

"Hongera," mjomba akajibu kutoka kwenye kochi. "Mama na mtoto wanaendeleaje?"

"Nyamaza, nishikie hapa."

"Shikamoo, mama," nilisema.

"Marahaba. Shika na wewe, usisimame kama mgeni."

Tulilishusha sanduku. Maabara alitoka chumbani akiwa na faili. Alikuwa amesuka nywele upya kwa ajili ya safari, na uso ulionekana wote, bila mahali pa kujificha. Aliniambia "karibu," nami nikasema "ahsante," na kwa watu wawili waliopendana miaka miwili hayo yalikuwa maneno machache sana.

Mjomba alitaka awe yeye afisa. Alikaa kwenye meza ya chakula, akakunja uso.

"Wewe. Una bunduki?"

"Hapana, mjomba."

"Usiniite mjomba. Una mpango wa kuolewa na wazungu?"

"Toka hapo," Mkunga alimwambia. "Muachie huyo mwenye daftari. Angalau yeye amewauliza waliovuka."

Nikakaa. Mkunga akavuta kiti akakaa pembeni yangu, mikono yake mikubwa juu ya magoti, macho kwa binti yake. Nikamuuliza la kwanza, la pili, la tatu. Alijibu yote bila kukosea, sauti tulivu, macho yakiwa kwangu kama nilivyomfundisha. Lengo la safari. Muda wa masomo. Atakaa wapi, nani anamfadhili, ana dawa gani kwenye begi. Alinipa karatasi moja baada ya nyingine kabla sijamaliza kunyoosha mkono. Nilimwona mama yake akitikisa kichwa polepole kwa kuridhika, na nikaona kwamba huyu mwanamke atapita. Atasimama mbele ya dirisha lolote duniani na atapita. Nilijivunia, na kilichoambatana na fahari hiyo kilikuwa uchungu mtupu.

Tukafika kwenye fomu ya kurasa tatu. Niliuliza kuhusu ukurasa wa kwanza, nikauliza kuhusu wa pili. Kisha nikaifunga, nikaiweka chini ya pasipoti.

Nilikuwa nimeamua njiani nikija. Kama neno ni ndugu, basi na liwe ndugu. Mtu anayesafiri kesho na hofu nne kifuani hafai kuongezewa ya tano na mtu anayedai kumpenda.

"Amepita," nilisema. "Mpigieni makofi."

"Umeruka ukurasa," alisema Maabara.

"Huo hauna maswali mengi."

"Uko kwenye daftari lako. Swali la thelathini na sita."

Mjomba akasema, "Asiruke, kijana. Mimi waliniuliza mpaka jina la marehemu."

Nikaifungua. Kitu cha kwanza nilichokiona kilikuwa mstari mweusi uliopita katikati ya karatasi kutoka juu hadi chini, wa mashine isiyosafishwa. Karatasi hiyo haikutoka kwangu. Alikuwa amekwenda kuchapisha kwa yule jamaa wa karibu na soko, ambaye hata kingo hazilinganishi. Nikaumia kidogo kikazi. Kisha nikaona ni kwa nini asingeweza kuichapisha kwangu.

"Huyu," niliuliza, na sauti yangu haikuwa ya afisa tena, "huyu uliyemwandika wa kuarifiwa wakati wa dharura, ni nani yako?"

Macho yake hayakuhama hata kidogo.

"Ni mchumba wangu."

Mkunga alinyoosha mkono, akachukua karatasi, akaisogeza mbele ya miwani. Jina langu la ukoo hakulijua, lakini nambari ya simu aliijua, maana imeandikwa kwa rangi nyekundu juu ya mlango wa duka langu. Akaitazama muda mrefu. Mjomba akafungua mdomo, kisha kwa mara ya kwanza tangu nimjue akaufunga bila kutoa kitu.

"Jana nilijaribu mbele ya kioo," Maabara alimwambia mama yake. "Nilikuwa nimeandika ndugu. Nikajaribu kusema, ni ndugu yangu. Mara kumi, mama. Kila nikisema macho yanakimbia. Nikaona nitarudishwa mpakani kwa ajili ya mtu ambaye sina sababu ya kumwonea aibu. Nikabadilisha kwenye tovuti."

"Mchumba," Mkunga alisema, kama anayeonja chumvi. "Mchumba ni mtu aliyeposa. Huyu ameposa wapi? Kwa nani? Mimi nilikuwa wapi? Umefuta uongo mmoja ukaandika mwingine." Alinigeukia. "Inuka hapo. Nenda kasimame pale aliposimama yeye."

Nikainuka, nikasimama. Maabara akasogea pembeni. Mkunga akahamia kiti changu, akalivuta daftari mbele yake, akalifungua ukurasa wa kwanza.

"Umekuja kufanya nini hapa?"

"Nimekuja kumsaidia kwa mazoezi, mama."

"Nimekuuliza lengo la safari."

"Nampenda binti yako."

"Tangu lini?"

"Miaka miwili."

"Miaka miwili unaingia kwangu kwa njia za panya. Nani alikwambia ufiche?"

Maabara alivuta pumzi aseme, nikamtangulia. "Hakuna. Niliogopa mwenyewe. Nilisikia ulilosema kuhusu orijino na kopi."

"Nililisema," alikubali, bila aibu yoyote. "Ukalisikia, ukajificha. Mficha uchi hazai, kijana, na mimi hiyo ndiyo kazi yangu, najua ninachosema. Unafanya kazi gani, tunajua. Unakaa wapi, tunajua." Alipitisha kidole kwenye orodha, ukurasa mzima, kisha akalifunga daftari. "La kwangu halimo humu. Sikiliza vizuri. Mwezi wa tatu huko, baridi imemwingia mpaka kwenye mifupa. Amefeli mtihani. Hana rafiki. Anakupigia simu analia, anakwambia nimechoka, nataka kurudi nyumbani. Utamwambia nini?"

Jibu zuri nililijua, kila mtu analijua. Lakini yule mwanamke amekaa miaka thelathini akisikiliza watu wakimwambia hawaumwi huku wanaumwa, na macho yangu nayo sikuyaamini.

"La kwanza litakalonijia ni kumwambia njoo," nilisema. "Sitakudanganya. Hata sasa, nikilitazama lile sanduku, ndilo neno nililonalo mdomoni. Lakini nitalimeza. Nitamwambia anawe uso, ale kitu, arudi darasani. Nitamwambia mimi nipo hapahapa, duka halihami. Nikishakata simu, hayo yatakuwa yangu mwenyewe."

Maabara alikuwa ameshika mgongo wa kiti kwa mikono miwili. Mkunga alivua miwani.

"Baba yake huyu aliniambia rudi," alisema. Hakuwa akimwambia mtu yeyote hasa. "Nilikuwa chuo cha uuguzi, mbali, nimebakiza mihula miwili niwe mwalimu wa wauguzi. Akanipigia simu akasema, nimekukosa, nyumba haina mtu, rudi. Nikaona hayo ndiyo mapenzi. Nikafungasha." Alifuta miwani kwa upindo wa nguo yake. "Hakuwa mtu mbaya. Mungu amrehemu, angekuwa mbaya nisingerudi. Mtu mbaya unamkatalia. Ni mzuri ndiye anayekupotezea njia. Kwa hiyo niliposikia habari za duka la fotokopi sikuwa na ugomvi na fotokopi. Nilijisemea, huyu naye atapigiwa simu na mtu mzuri."

"Mama, hukuwahi kuniambia," Maabara alisema.

"Ningekuambia ili umchukie baba yako?"

Maabara alimwendea, akapiga magoti kando ya kiti, akaweka kichwa kwenye mapaja yake kama mtoto, na yale machozi aliyoyakatalia dukani yakaja yote. Mama yake alimshika kichwa juu ya misuko mipya, taratibu asiivuruge. Mimi nilibaki nimesimama pale pale, kwa sababu hakuna aliyeniambia nimepita wala nimerudishwa.

Mjomba akadakia. "Sasa fomu inakuwaje? Maana mpakani, nawaambieni, uongo haufai. Njia ya mwongo ni fupi. Afute aandike rafiki."

"Hafuti kitu," Mkunga alisema. Aliinua uso, akanitazama kwa namna ambayo nadhani huwatazama wanaume wanaoingia wodini bila kubisha. "Wewe una wakubwa?"

"Nina mama. Na baba mdogo, anakaa karibu na kanisa."

"Ndege ni saa tisa, uwanjani tunatakiwa saa sita. Mama yako na baba yako mdogo wawe hapa saa mbili asubuhi. Wasilete chochote, sina muda wa kupokea vitu. Waje na midomo yao, waseme wanachotaka, nami nitawajibu."

"Mama," Maabara alisema, uso umelowa, "kesho asubuhi? Bado hata sijafunga begi la mkononi."

"Utafunga wakiwa wanaongea. Umeandika mchumba, na karatasi imeshapelekwa kwa watu. Mimi sikukuzaa ukaongope mpakani."

Nilitoka nje kupiga simu. Maabara alinifuata mpaka kibarazani. Hakunigusa, dirisha la sebule lilikuwa wazi na mjomba alikuwa upande wa pili wake. Alisimama tu karibu, bega lake na langu yakiwa na nafasi ya karatasi moja katikati. Simu ikaita mara tatu.

"Mama," nilisema, "kesho saa mbili asubuhi una kazi gani?"

"Nina nguo za kufua. Kwa nini? Unaumwa?"

"Siumwi. Kuna binti anasafiri kesho, nataka ukaniposee kwa mama yake kabla hajaondoka."

Mama akaniita kwa jina langu lote, pamoja na la ukoo, na kwa mara ya kwanza maishani hakuwa akinigombeza.